Askari wa Uhifadhi: Uanzie Manyani, Pasiansi au Kijijini Kwako?

Kijana aliyemaliza kidato cha nne Bunda na mwenzake aliyemaliza Voi wanaweza kuwa na hamu ileile: kuvaa kombati ya kijani, kulinda tembo, na kupata chochote mfukoni wakati bado wanajifunza kazi. Wote wamekulia kando ya hifadhi, mmoja Serengeti na mwingine Tsavo. Lakini wa Voi anaweza kuingia mafunzoni na cheti chake cha shule tu, akaanza kupokea fedha tangu siku za ukuruta. Wa Bunda akitaka kuajiriwa na serikali, mara nyingi ataambiwa alete kwanza cheti cha chuo, na chuo hicho atakilipia mwenyewe. Tofauti hiyo moja inabadilisha hesabu yote ya nyumbani.

Naona vijana wengi wanachagua kwa jina. Wanasikia KWS ya Kenya au TANAPA ya Tanzania, wanaona picha za vijana waliosimama wima mbele ya Land Cruiser, basi. Mimi napenda tulinganishe kwa maswali ambayo mzazi mwenye akili angeyauliza: nani analipa wakati mtoto anajifunza? Mshahara wa mwaka wa tatu unatoka wapi? Atapangiwa kituo gani? Na akiichoka kazi hiyo, au ikimchoka yeye, anaelekea wapi? Kwa Kenya na Tanzania, ambako ndiko ninakokufahamu, nitapitia njia nne: ajira ya serikali Kenya, ajira ya serikali Tanzania, askari wa jamii wa nchi zote mbili, na mashirika binafsi yanayolinda maeneo yao.

Kenya: unaingia kuruta, unatoka askari

Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1989, wakati ujangili wa tembo ukiwa umepamba moto. Makuruta wake hufundishwa Manyani, kaunti ya Taita-Taveta, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Ni nchi ya joto, vumbi jekundu na miiba, na hiyo ni sehemu ya somo. Anayemaliza pale ameshajua mwili wake unafanya nini maji yakipungua.

Usaili wake hufanana na ule wa polisi. Linatoka tangazo lenye vituo na tarehe, unafika alfajiri na kitambulisho na vyeti halisi, unapimwa urefu, unaangaliwa meno, macho na miguu, halafu unakimbia. Wengi hurudishwa nyumbani kabla ya saa nne asubuhi. Aliyebaki na akapita vipimo vya afya huitwa mafunzoni, na kuanzia hapo chakula, malazi, sare na posho ni juu ya mwajiri. Hakuna ada. Hii ndiyo njia iliyo wazi zaidi, kati ya zote nne, ya kulipwa huku ukifundishwa, na mtoto wa maskini anaweza kuipita bila nyumbani kuuza hata mbuzi mmoja.

Mafunzo yenyewe si gwaride na bunduki tu. Kuna kusoma ramani na kutumia GPS, huduma ya kwanza, kufuata nyayo, kuweka mtego wa kuvizia, na sheria. Somo la sheria ndilo wengi hulidharau, na hapo wanakosea sana. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilipopitishwa iliweka, kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, faini isiyopungua shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo cha maisha. Adhabu ikiwa nzito hivyo, wakili wa mshtakiwa atapigania kila nukta. Atamuuliza askari alikamata meno saa ngapi, aliyatia alama gani, alimkabidhi nani, na kati ya makabidhiano hayo yalilala wapi. Askari aliyekimbia kilomita kumi na mbili usiku akamkamata jangili, kisha akashindwa kujibu maswali hayo mawili matatu kizimbani, amefanya kazi ya bure.

Pembeni ya KWS kuna Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, ambayo nayo huajiri makuruta kwa mtindo huohuo. Mwaka 2024 mashirika yote mawili yalifungua milango kwa wingi usio wa kawaida. Nalitaja hilo kwa sababu upande wa pili wake ni kwamba kuna miaka hakuna tangazo lolote. Ukisubiri mlango huo peke yake unaweza kuusubiri mpaka umri ukupite, maana kila tangazo huweka dari ya umri na dari hiyo haiko mbali na siku uliyomaliza shule.

Hasara nyingine ni kituo. Serikali haikuulizi unapenda wapi. Unaweza kupelekwa Ruma karibu na Homa Bay, ambako soko liko jirani, au Sibiloi kando ya Ziwa Turkana, ambako barua ya nyumbani na habari ya msiba vyote huchelewa. Mwenye mchumba au mzazi mgonjwa alifikirie hilo kabla ya kukimbia, asije kulifikiria baada ya kuapishwa.

Tanzania: cheti kwanza, kombati baadaye

Kwa Tanzania lazima tuanze na tembo. Sensa za mwaka 2009 na 2014 zilionyesha idadi yao ikishuka kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000. Selous peke yake ilipoteza sehemu kubwa ya kundi lake. Baada ya pigo hilo serikali iliamua kuacha utaratibu wa kiraia, ikaunganisha taasisi nne chini ya Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu: TANAPA ya hifadhi za taifa, TAWA ya mapori ya akiba na mapori tengefu, Mamlaka ya Ngorongoro, na TFS ya misitu. Vyeo vikawa vya kijeshi, nidhamu ikawa ya kijeshi, na watumishi wakapelekwa kwenye mafunzo katika vituo kama Mlele mkoani Katavi na Fort Ikoma upande wa Serengeti.

Kwa hiyo mafunzo kazini yapo, tena makali. Tatizo ni kwamba yanakuja baada ya kuajiriwa, na ili uajiriwe tangazo la Askari wa Uhifadhi kwa kawaida hutaka kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya wanyamapori, misitu au fani inayokaribiana. Ndipo jina la Pasiansi linapoingia. Taasisi hiyo ya Mwanza ilianza mwaka 1966, na ndiyo inayofahamika zaidi kwa kuandaa askari wa porini: usimamizi wa wanyamapori na himasheria (yaani kusimamia utekelezaji wa sheria), ukakamavu, silaha, doria. Chuo cha Mweka, kilichopo kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu mwaka 1963, kina jina kubwa zaidi nje ya nchi, lakini nguvu yake iko kwenye stashahada na shahada za usimamizi na utalii. Kwa mtu anayejua moyoni kwamba anataka doria, Pasiansi inamfikisha upesi zaidi. Anayetaka siku moja awe mkuu wa hifadhi au mtafiti, na nyumbani wana uwezo, Mweka ina maana zaidi.

Ada, sare, nauli, chakula cha likizo: vyote vinatoka nyumbani. Na cheti hakina ahadi ya ajira. Kila mwaka vyuo vinatoa wahitimu wengi kuliko nafasi zinazotangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na wengi wao hukaa mtaani miaka kabla ya jina kutokea kwenye orodha ya kuitwa kwenye usaili. Wengine hugeuka waongoza watalii au madereva wa kampuni za safari, jambo ambalo si baya, ila sicho walichouzia ng'ombe. Nasema waziwazi: familia isiuze shamba ili mtoto aende kusomea uaskari wa wanyamapori. Kama ada inapatikana bila kugusa kinachowalisha, aende. Kama haipatikani, kuna mlango mwingine nitakaouzungumzia hapo chini, na mlango huo unaweza kuja kumlipia ada.

Kuna kosa jingine la uchaguzi ambalo hunisikitisha. Watu humiminika kuomba TANAPA na kuisahau TFS. Kazi ya misitu haina simba wa kupiga picha naye, lakini ina magogo, mkaa usio na kibali, moto wa kiangazi na mizani ya barabarani saa nane za usiku. Ukiipenda miti na una subira ya kukagua lori moja baada ya jingine, huko nako ni kuhifadhi, na vyanzo vya maji vya miji yetu vinategemea watu hao kuliko vinavyotegemea faru.

Maombi ya ajira za serikali hayalipiwi, iwe Tanzania au Kenya. Mtu akikuambia ana nafasi yake mkononi na anataka "ya maji", anakuibia. Hata pale anapojuana na mtu kweli, bado anakuibia.

Kijijini: askari wa jamii

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayozungumzwa kidogo na ndiyo inayochukua vijana wengi wasio na cheti chochote.

Tanzania ina Jumuiya za Hifadhi za Jamii, zile tunazoziita WMA, ambapo vijiji huunganisha sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori na kugawana mapato ya utalii au uwindaji. Kanuni zake za kwanza zilitoka mwaka 2002. Burunge na Randilen ziko jirani na Tarangire, Ikona na Makao jirani na Serengeti, Enduimet chini ya Kilimanjaro, Mbarang'andu kule Namtumbo. Walinzi wake ni askari wa wanyamapori wa vijiji, VGS. Wengi wao wamepita Likuyu Sekamaganga, kituo cha Ruvuma kinachofundisha uhifadhi kwa wanajamii, ambako mwanakijiji hufundishwa doria, sheria na ukakamavu kwa muda mfupi kisha akarudi kwao kazini. Kuingia kwake hakupitii tovuti yoyote. Unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, jina linapita serikali ya kijiji, na watu wanaokufahamu tangu mtoto ndio wanaosema kama unafaa. Mvuta bangi anajulikana, na mtoto wa jangili anajulikana pia, ingawa si mara zote huyo wa pili hukataliwa: baba yake alimfundisha njia zote.

Kenya nako hifadhi za jamii zimeenea kutoka Mara hadi Samburu na Isiolo. Kule Amboseli kuna askari wa jamii wa Olgulului na wa shirika la Big Life, kaskazini kuna hifadhi zilizo chini ya shirika la Northern Rangelands Trust, na Mara kuna Naboisho, Olare Motorogi na nyinginezo. Baadhi ya askari hao hupelekwa Manyani kwa kozi fupi, wakafundishwa na walewale wanaofundisha makuruta wa KWS, kisha wakarudi nyumbani na cheti. Mafunzo yanalipiwa na hifadhi au mfadhili, na wewe unalipwa kuanzia mwezi wa kwanza. Mshahara ni mdogo kuliko wa serikali, lakini unalala kwenu au karibu na kwenu.

Kazi yenyewe ikoje? Chukua usiku mmoja wa msimu ambao mahindi yamekomaa, upande wa Enduimet. Wakulima na VGS wanakaa pembeni mwa shamba, moto umezimwa, wanasikiliza. Tembo hasikiki kwa nyayo kama wengi wanavyodhani. Kinachosikika kwanza ni bua kuvunjika. Hapo hatua ya kwanza ni tochi kali machoni mwake. Asipoondoka, inapulizwa honi. Akiendelea, linakuja bomu la pilipili: kondomu iliyojazwa unga wa pilipili, mchanga na fataki, ikipasuka inatawanya vumbi linalowasha. Mwisho kabisa ni fataki ya kurushwa angani yenye mwanga na mlio. Shirika la Honeyguide liliusambaza utaratibu huu katika vijiji vya kaskazini, na siri yake kubwa ni mpangilio. Ukianza na fataki kila usiku, tembo anaizoea, na ukifika msimu unaofuata huna kitu cha kumtishia. Na kabla ya kurusha pilipili unaangalia upepo, la sivyo mtakaokohoa ni ninyi.

Asubuhi kuna kazi ya pili. VGS anatembea shamba kwa shamba, anaandika ekari zilizoliwa, anapiga picha kwa simu, anamsaidia mwenye shamba kuanza madai ya kifuta jasho. Kama usiku ule mtu aliumizwa au alikufa, madai ni ya kifuta machozi. Hapo ndipo kijana wa kijijini anapojifunza jambo ambalo chuoni hufundishwa kwa nadharia: kwamba mama aliyepoteza magunia yake yote ya mwaka hawezi kuambiwa habari za thamani ya tembo kwa watalii. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, kumwandikia vizuri, na kurudi tena wiki ijayo. Askari aliyeanzia hapa akija kuvaa kombati ya serikali huwa na ulimi tofauti na wenzake, na wananchi humpa taarifa za majangili ambazo mgeni hapewi.

Kwa wasichana njia hii imefungua jambo kubwa. Mwaka 2019 shirika la IFAW pamoja na jamii ya Olgulului walianzisha Team Lioness, kikosi cha wanawake vijana wa Kimaasai, wanane mwanzoni, wengi wao wakiwa wanawake wa kwanza katika familia zao kuajiriwa kwa mshahara. Wakati wa korona walibaki doria miezi bila kurudi nyumbani. Wameonyesha pia faida ambayo haikuwa dhahiri: wanawake wa bomani huzungumza na askari wa kike kuhusu mambo wanayoyaona wakienda kuteka maji na kutafuta kuni, na hao ndio wanaopita porini kila siku. Kama wewe ni binti na baba anasita, mwonyeshe kwamba katika njia ya jamii utakuwa ndani ya macho ya watu wako. Hoja hiyo imewafungulia wengi.

Sasa mabaya yake. VGS na askari wa jamii kwa kawaida hawana bunduki ya kutosha, au hawana kabisa. Kenya, wachache hupewa silaha kama askari wa akiba wa polisi. Tanzania doria nzito hufanywa pamoja na TAWA au Kikosi Dhidi ya Ujangili. Mikataba mingine ni ya mwaka mmoja mmoja. Bima inaweza kuwepo au isiwepo, na hili usiliache hewani: uliza kabla ya kusaini, ukivunjika mguu doria nani anakulipia hospitali?

Na kuna uchungu wa kumkamata jirani. Askari wa serikali aliyetoka mkoa mwingine akimkamata mtu na swala, jioni anarudi kambini. Wewe utarudi kijiji kilekile, utakutana na mke wa mtu huyo kisimani, na watoto wenu wanasoma darasa moja. Si kila mtu anauweza mzigo huo, na kuukataa si woga.

Mashirika na maeneo binafsi

Hii ni njia nyembamba lakini nzuri. Grumeti Fund, magharibi mwa Serengeti, ina askari wengi waliotoka vijiji vya jirani, wanaofanya doria pamoja na TAWA, na ina kikosi cha mbwa wa kunusa. Kenya kuna Lewa na Ol Pejeta, zenye faru na ulinzi wa hali ya juu. Vifaa vyao mara nyingi ni bora kuliko vya serikali: redio zinazofanya kazi, viatu vinavyokutosha, programu za simu zinazorekodi kila nyayo na kila mtego wa waya. Wanachuja kwa mbio na kubeba uzito, kisha wanakufundisha wenyewe kwa gharama zao. Uhaba wa nafasi ndiyo kasoro kubwa. Nyingi hutangazwa kwenye vijiji vya jirani tu. Kama unaishi karibu na moja yao, jina lako liwe linajulikana ofisini kwao kabla nafasi haijatangazwa. Kama unaishi mbali, usihangaike nayo.

Mshahara wa mwaka wa tatu

Serikali inaweza kuchelewesha posho ya doria, lakini mshahara wake unakuja, na ukistaafu kuna pensheni. Hilo halina mshindani.

Askari wa jamii anategemea chanzo cha fedha cha jumuiya yake, na hapo vyanzo havifanani. Palipo na utalii, mwaka 2020 korona ilileta funzo kali: ndege zilisimama, kambi zikafungwa, na hifadhi nyingi za jamii zikapunguza mishahara. Palipo na mfadhili wa nje, mwaka 2025 ulikuja na funzo lake Marekani ilipoivunja USAID, shirika lake la misaada, lililokuwa nyuma ya miradi mingi ya uhifadhi Kenya na Tanzania. Katika WMA za Tanzania kuna jambo la ziada: mapato hukusanywa kwanza na serikali kisha ndipo mgao unarudi kwenye jumuiya, kwa hiyo WMA inaweza kuwa na wageni wengi na bado askari wake wakasubiri.

Kuna chanzo kipya kinachostahili kuangaliwa. Bonde la Yaeda, nchi ya Wahadzabe, limekuwa likiuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kutunza msitu unaoifyonza hewa hiyo, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na sehemu ya fedha hizo inawalipa walinzi wa jamii wanaozunguka msitu. Fedha ya namna hiyo haitegemei watalii kuja msimu huu. Inategemea soko la nje ambalo nalo lina mawimbi yake, lakini jumuiya yenye utalii na kaboni kwa pamoja ni mwajiri salama kuliko yenye kimoja.

Kwa hiyo unapokwenda kuuliza kazi kwenye jumuiya yoyote, usiishie kwenye kiasi cha mshahara. Uliza unatoka wapi, na mwezi uliopita ulilipwa tarehe ngapi. Ukiweza, mwulize askari wa kawaida badala ya meneja. Aisifuye mvua imemnyea.

Hatari

Hakuna njia kati ya hizi isiyo na hatari, na zinatofautiana. Nyati aliyejeruhiwa na waya hachagui nembo ya begani. Jangili mwenye bunduki ni hatari zaidi kwa asiye na bunduki, lakini pia huwa na sababu kubwa zaidi ya kumpiga risasi mwenye nayo. Jirani zetu wa Kongo wanalijua hili kuliko sote: katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, zaidi ya askari 200 wameuawa katika historia yake, na Aprili 2020 shambulio moja karibu na Rumangabo liliua askari 12. Kwetu hali haijafikia huko, lakini anayekuambia kazi hii ni kutembea na kuangalia twiga hajawahi kuifanya.

Hatari nyingine hutoka upande wetu wenyewe. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili Tanzania, ilisimamishwa baada ya malalamiko ya mateso na mauaji ya raia, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Askari kijana aliyefundishwa amri bila kufundishwa mipaka ya amri anaweza kujikuta kizimbani kwa kutii. Kwa hiyo mafunzo yoyote utakayochagua, ya Manyani, Mlele au Likuyu, lile somo la haki za mtuhumiwa lisikilize kama unavyosikiliza lile la silaha.

Uchaguzi

Kama uko Kenya, una afya na umri bado unaruhusu, lenga KWS na KFS kwanza. Kulipwa tangu ukuruta bila ada ni fursa ambayo Mtanzania mwenzako hana, na ni makosa kuitupa. Huku ukisubiri tangazo, omba uaskari wa hifadhi ya jamii iliyo karibu nawe. Utakimbia kila siku, utajifunza kazi, na ukifika uwanjani siku ya usaili utakuwa na mapafu kuliko aliyekaa kijiweni.

Kama uko Tanzania na kijiji chenu kimo ndani ya WMA au jirani na shirika lenye askari wake, anzia hapo. Huu ndio msimamo wangu na najua baadhi ya walimu watanipinga. Kazi ya VGS kwa miaka miwili mitatu inakupa vitu viwili ambavyo ada haiwezi kununua: unajua kama unaipenda kazi hii kwenye mvua na njaa, na unajulikana na maofisa wa TAWA na TANAPA mnaofanya nao doria. Kisha nenda Pasiansi kwa akiba yako. Miaka ya umri iangalie tu, usikae kijijini mpaka dari ya tangazo ikupite.

Kama uko mjini, mbali na hifadhi yoyote, huna mlango wa jamii. Hapo chuo ndicho kinachobaki kwa Mtanzania, na kabla ya kulipa ada nenda hata mara moja ukalale porini kwa siku chache na mtu anayefanya kazi hiyo. Aliyezoea umeme na feni huwa hajui atakavyokuwa usiku wa tatu bila kuoga, huku fisi wanalia karibu na hema na zamu yake ya ulinzi inaanza saa nane.

Kwa yeyote kati yenu, mambo ya kushughulikia wiki hii ni yaleyale: kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa chenye majina yanayofanana herufi kwa herufi na vyeti vya shule, meno yaliyotoboka yazibwe, na mbio za asubuhi. Majina yasiyofanana yamewatoa vijana wengi wenye mbio nzuri, na kuyasahihisha huchukua muda mrefu kuliko muda ambao tangazo hukaa wazi.